Kijana Akinaswa kwa Mwendo wa Kasi, Asiikimbie Mahakama

Kijana wa miaka 19, leseni yake bado mpya, anapita kituo cha biashara kwa kilomita 84 kwa saa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu kilomita 50 pekee katika miji na vituo kama hivyo. Mbele kidogo afisa wa trafiki anamsimamisha. Kamera imeshasoma kasi yake.

Kwa mujibu wa kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, dereva aliyezidisha kilomita 1 hadi 5 huonywa tu. Aliyezidisha 6 hadi 10 hutozwa Sh500, 11 hadi 15 Sh3,000, na 16 hadi 20 Sh10,000. Huyu amezidisha 34, hivyo kosa lake limeshatoka kwenye orodha hiyo. Kesi ni ya hakimu, na faini inaweza kufika Sh100,000.

Pale barabarani kijana atulie na atoe leseni yake. Anaweza kuomba, kwa adabu, kuonyeshwa kasi iliyosomwa, kisha aandike mahali, saa na nambari ya afisa. Ampigie mzazi simu. Ila mzazi naye asimwambie "ongea na afisa vizuri", maana sote tunajua maneno hayo yana pesa ndani yake. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, mtoaji ana hatia sawa na mpokeaji, na adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 10, faini isiyozidi Sh5 milioni, au vyote viwili. Kosa la kasi halifiki huko hata kidogo.

Akipelekwa kituoni, Kipengele cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti nafuu. Akilipa dhamana ya pesa taslimu, apewe risiti, na tarehe na mahakama ya kufika ziandikwe wazi.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kijana hulipa dhamana, akarudi nyumbani, akadhani faini imekwisha. Haijakwisha. Dhamana ni ahadi ya kufika mahakamani, na asipofika mahakama inaweza kuitwaa pesa hiyo na kutoa kibali cha kumkamata. Kibali hicho hudumu hadi atakapokamatwa au mahakama iliyokitoa ikifute. Aliyepitwa na tarehe asisubiri kutafutwa: aende mwenyewe katika mahakama hiyo, aeleze sababu na kuomba kibali kifutwe.

Siku ya kesi afike mapema, akiwa na kitambulisho, leseni na risiti. Asipoelewa lugha inayotumika, ana haki ya mkalimani bila malipo. Mashtaka yakisomwa, asikiri ili tu awahi kutoka. Akikubali kosa, atapewa nafasi ya kujitetea kabla ya hukumu, na ni vyema amweleze hakimu kama hilo ni kosa lake la kwanza na kama bado ni mwanafunzi. Akikana, upande wa mashtaka utalazimika kuthibitisha. Sheria hairuhusu dereva kutiwa hatiani kwa sababu tu shahidi mmoja alikadiria kwa macho kwamba alikuwa anaenda kasi. Ndiyo sababu rekodi ya kamera ina uzito.

Faini ilipwe kwa njia rasmi ya Mahakama, kamwe si mkononi mwa mtu. Kesi ikiisha, mwenye dhamana aulize kwenye masijala jinsi ya kurudishiwa pesa yake, kwa hivyo risiti isitupwe. Hakimu akisimamisha leseni, kijana asishike usukani hata kwenda dukani.

Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kuendesha gari. Mwenye gari aliyemruhusu dereva asiye na leseni naye amevunja sheria, hata kama ni baba au mama aliyetaka tu kuletewa unga.

Wakazi wanaokuja kwenye ofisi za kaunti kuulizia faini za kasi hulazimika kurudishwa. Kaunti hushughulikia maegesho na barabara zake. Kesi za kasi ziko mikononi mwa polisi na Mahakama, na maswali kuhusu tarehe au nambari ya kesi hujibiwa kwenye masijala ya mahakama iliyoandikwa kwenye hati ya dhamana.