Kutenganisha Mtandao wa Wageni na wa Ofisi

Nyumba ya wageni mjini Iringa au ofisi ya uhasibu jijini Mbeya ikitumia mtandao mmoja kwa watu wote, simu ya mgeni huweza kuifikia kompyuta ya mhasibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Wajibu huo ni wa mwenye ofisi, si wa fundi.

Si lazima kutandaza nyaya mpya. Swichi inayoweza kupangwa huugawa mtandao mmoja katika mitandao iliyotengana, iitwayo VLAN. Kila mtandao hupewa namba kati ya 1 na 4094: kwa mfano, 10 ya uhasibu na 30 ya wageni.

Mtumiaji azingatie haya:

1. Kabla ya kununua, hakikisha kila swichi inakubali kiwango cha 802.1Q.
2. Namba zilingane katika swichi zote, na tundu linalounganisha swichi mbili lipitishe namba zote zinazohitajika.
3. Wi-Fi ya wageni iwe na jina lake, lililofungwa kwenye namba 30.
4. Ruta iwekewe sharti la kuwazuia wageni; bila hilo, huweza kuunganisha tena kilichotenganishwa.
5. Nywila za kiwandani zibadilishwe, na mpya zibaki kwako pia.

Kabla ya malipo ya mwisho, unganisha simu kwenye Wi-Fi ya wageni, kisha andika anwani ya IP ya printa ya ofisi katika kivinjari. Ukurasa wake ukifunguka, kazi haijakamilika.