Upepo Unafika Mbele ya Mvua: Tutayarishe Nyumba na Mbegu



Mwezi wa kumi, joto linapopanda Lubumbashi, kila mtu anatazama mawingu. Sisi ba-agronome pia. Tunangojea mvua ya kupandia mahindi, lakini mvua za kwanza njo zinakujaka na hasira.

Mwaka moja tulifika kwa mama moja memba, upande wa njia ya Kipushi. Manjanja ya nyumba yake yalikuwa yamelala katika shamba la muhogo. Mbegu alizokopa zimelowa ndani ya mifuko. Alituambia: «Mayi haikuanza. Upepo njo ulianza.» Alisema kweli.

Juu ya nini? Miezi ya kiangazi hewa yetu ni kavu. Mwezi wa kumi, hewa yenye maji kutoka upande wa msitu wa Kongo inakutana na ile kavu ya kusini-mashariki. Hewa ya moto inapanda mbio, wingu linakuwa refu. Mvua ikianza kuanguka ndani ya wingu, inashusha hewa ya baridi. Ile ikigonga chini inatawanyika kila upande. Njo ule upepo wa vumbi. Basi ukisikia baridi ya gafula mchana wa joto, usingoje matone.

Paa. Wengi tunaweka mawe juu ya manjanja. Upepo mkali unayashinda, tena yanaweza kuangukia mtu. Funga mbao za paa kwa waya, na waya uingie ndani ya ukuta, safu nne ao tano za matofali chini.

Mbegu na mbolea. Usiweke mfuko chini wala kuuegemeza kwa ukuta. Panga mbao juu ya matofali, funika na plastiki. Urea ikipata unyevu inayeyuka, NPK inaganda.

Maji. Tukitoa udongo wa matofali katika kichuguu karibu na nyumba, shimo linabaki, linajaa maji, ukuta unalegea. Jaza shimo. Chimba mufereji upeleke maji mbali na nyumba na kisima. Maji ya choo yakiingia kisimani, kolera haiko mbali: chemsha maji ya kunywa ao tia klore.

Radi. Ukiona mwanga, hesabu mpaka ngurumo: sekunde 3 ni karibu kilomita 1. Ikiwa chini ya sekunde 30, acha jembe. Usijifiche chini ya muti wa mayembe. Ingia katika nyumba imara ao gari lililofungwa, ungoje dakika 30 kisha ngurumo ya mwisho. Batoto pia wafundishwe kuhesabu.

Na jambo moja tuseme wazi. Radi ikiua mtu, bantu banaanza kutafuta mulozi, na mara nyingi ni mzee ao mjane anayefukuzwa. Inchi yetu iko kati ya zile zinazopigwa na radi zaidi duniani. Kabare, Kivu ya Kusini, njo ya kwanza katika Afrika. Ile ni kazi ya milima, joto na maji, si ya jirani. Koperativi isikubali.

Mwezi wa tisa, kila koperativi ifanye salongo: nyumba za bajane kwanza, kisha depo ya mbegu. Ule mama wa njia ya Kipushi alifunga paa lake kwa waya. Mwaka uliofuata upepo ulikuja tena, ukapita, na mbegu zake zikapandwa kwa wakati.