Malawi ya Kaskazini: kutoka Songwe hadi baridi ya Nyika

Mtu wa Ngana, wilayani Kyela, akivuka daraja la mto Songwe mpakani pale Kasumulu, huchukua muda kuamini kwamba ameingia nchi ya watu. Migomba ni ileile, mpunga ni uleule, na mama anayeuza ndizi kando ya barabara ataitikia ukimwamkia "Ugonile." Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela ni ndugu, wanasikilizana bila mkalimani, na mbalaga ya ndizi inayopikwa huku huliwa na huko. Mto wenyewe hufurika masika ukahama mkondo, na shamba la mtu likaamkia ng'ambo.

Lakini ni nchi nyingine. Malawi, iliyoitwa Nyasaland enzi ya Mwingereza, ilipata uhuru Julai 6, 1964. Makao makuu yalihamishwa kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975. Fedha yao ni kwacha. Kichewa ndiyo lugha iliyoenea zaidi, ila kaskazini utasikia sana Kitumbuka, nao husalimu kwa "Monire." Ziwa tunaloliita Nyasa wao huliita Malawi, urefu wake unakaribia kilomita 580.

Mji wa kwanza mkubwa ni Karonga, uliokaa ufukweni kabisa. Asubuhi utawakuta akina mama wakitandaza usipa juu ya vichanja. Wanapowageuza kwa viganja, samaki hao hung'aa kama vipande vya bati, na harufu yao hukufuata hadi sokoni. Waendesha baiskeli za abiria, wanaoitwa kabaza, watakupeleka utakako. Mchele unaosifiwa huko unaitwa Kilombero, jina la bonde letu la Morogoro.

Karonga ina historia nzito. Hapo ndipo Mlozi, mfanyabiashara Mswahili wa pembe na watumwa, alipopigana na kampuni ya Waingereza kuanzia mwaka 1887, hadi akanyongwa mwaka 1895. Septemba 1914 Wajerumani waliotoka upande wetu walipambana hapo na Waingereza. Makumbusho ya mji yanaeleza habari za kale zaidi: mifupa ya dinosaria aitwaye Malawisaurus, na taya la binadamu wa kale lililopatikana Uraha mwaka 1991, lenye umri unaozidi miaka milioni 2.

Ukiendelea kusini, milima inasogea hadi karibu na maji. Barabara ya kupanda Khondowe ina kona 20 kali, na juu yake kuna misheni ya Livingstonia, iliyohamishiwa hapo na Dkt. Robert Laws, Mskoti, mwaka 1894. Jirani yake maporomoko ya Manchewe yanashuka genge refu la mawe.

Nyuma ya milima hiyo kuna Nyika, hifadhi kubwa kuliko zote za Malawi, yenye kilomita za mraba zaidi ya 3,000. Ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zisizofika 500. Kilele cha Nganda kinafika mita 2,605. Barafu ya kudumu haipo, hiyo tutaifuata Kilimanjaro. Hata hivyo, Juni na Julai umande huganda usiku, na alfajiri majani huwa meupe, yakivunjika chini ya kiatu kwa mlio mkavu. Jua likichomoza, weupe hutoweka, na pundamilia huonekana wakilisha kwenye vilima vilivyo wazi. Wapo pofu, tohe, na korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Chui yupo pia. Mvua zikinyesha, maua ya okidi huchanua. Aina zake ni kama 200.

Mto Rukuru ya Kaskazini huanzia huko juu na kumwaga maji yake ziwani pale Karonga. Hivyo baridi ya Nyika ndiyo inayolisha mashamba ya joto ya pwani ya ziwa, na maji hayo ndiyo tunayovulia sote.

Wengi wetu tumefika Dar es Salaam mara kadhaa bila kuvuka Songwe hata mara moja. Tuvuke. Chukua hati zako za safari, badilisha fedha mahali halali, na beba sweta zito. Ukifika Khondowe siku isiyo na ukungu, tazama mashariki ng'ambo ya maji: milima ile ya buluu ni ya Livingstone, milima ya kwetu.