Taaluma ya Tabia na Ustawi wa Wanyama: Maswali kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili aambiwapo kwamba wapo watu wanaotunukiwa shahada kwa kuchunguza tabia za wanyama, aghalabu hutabasamu. Wanyama aliozoea kuwahakiki ni Sungura mjanja, Fisi mlafi na Kobe mwenye subira, na anajua fika kwamba hao si wanyama bali ni binadamu waliovikwa manyoya. Makala haya yanakusudia kueleza taaluma hiyo inafunza nini na inafunzwa vipi. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba baadhi ya maswali yake magumu ni maswali ya lugha, na kwa hivyo yanatuhusu.

Tuanze na Fisi, maadamu tumemtaja. Katika ngano zetu yeye ni mjinga anayengojea makombo ya Simba. Mtafiti Hans Kruuk aliwachunguza fisi madoa wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, akiwafuata usiku kucha, na kitabu chake cha mwaka 1972 kikapindua picha hiyo. Sehemu kubwa ya chakula chao fisi hao waliiwinda wenyewe. Huko Ngorongoro mara nyingi ni simba waliokula mawindo yaliyouawa na fisi. Utafiti wa muda mrefu ulioanzishwa na Kay Holekamp katika Maasai Mara mwaka 1988 ukaongeza kwamba ukoo wa fisi hutawaliwa na majike, na kwamba mtoto hurithi daraja la mama yake. Hapana haja ya kuzifuta ngano kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mhakiki anayeandika kwamba fanani "amechota sifa za fisi kutoka katika uhalisi" afadhali aifute sentensi yake.

Shahada yenyewe ina nguzo mbili, tabia na ustawi. Katika nguzo ya kwanza, karibu kila mwanafunzi huanza na maswali manne yaliyopangwa na Mholanzi Niko Tinbergen mwaka 1963, miaka kumi kabla ya kutuzwa Nobeli pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch. Chukua jogoo awikaye alfajiri. Swali la kwanza ni nini kinachomsukuma awike wakati huo. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba hata akiwekwa katika mwanga hafifu usiobadilika, jogoo huendelea kuwika kwa saa iliyomo mwilini mwake. Swali la pili ni jinsi tabia hiyo inavyokua tangu utotoni, la tatu ni faida yake kwa maisha na uzazi wa jogoo, na la nne ni asili yake katika historia ndefu ya jamii ya ndege. Mtu anaweza kujibu moja kwa usahihi kabisa na bado asiwe amegusa mengine. Wanafunzi wa fasihi tunaobishana kama maana ya shairi imo katika maneno yake, katika maisha ya mtunzi au katika historia ya utanzu, tungefaidika na utaratibu huo.

Baada ya maswali huja mbinu, na hapa ndipo wengi hutokwa jasho. Mwanafunzi hutakiwa kwanza kuandaa orodha ya matendo ya mnyama anayemchunguza, kila tendo likiwa na fasili yake, kisha akae kwa saa nyingi akihesabu. Haruhusiwi kuandika "fahali amekasirika". Ataandika kwamba fahali ameinamisha kichwa, anachimbua ardhi kwa ukwato, anakoroma. Sababu ya ukali huu hufafanuliwa kwa kisa cha farasi Hans wa Berlin, aliyesifiwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kujua hesabu. Akiulizwa jawabu la kujumlisha, aligonga chini kwa ukwato idadi iliyo sawa. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alithibitisha kwamba iwapo muulizaji mwenyewe hakujua jibu, au hakuonekana na farasi, Hans alishindwa. Alichokuwa akisoma ni miondoko midogo ya uso na kichwa cha muulizaji, ambayo muulizaji hakujua kwamba anaifanya. Hans hakujua hesabu, lakini alikuwa msomaji hodari wa binadamu.

Kwa mwanaisimu, sehemu yenye utamu zaidi ya taaluma hii inatoka hapa hapa kwetu, Amboseli. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha mwaka 1980 majaribio yao kuhusu milio ya tahadhari ya tumbili. Waliificha spika vichakani na kuwachezea tumbili milio iliyorekodiwa, pasi na adui yeyote kuwapo. Kwa mlio wa chui, tumbili walikimbilia mitini. Kwa mlio wa tai, walitazama juu au wakajitoma vichakani. Kwa mlio wa nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma wakichungulia nyasi. Maana yake ni kwamba mlio wenyewe ulibeba taarifa, si woga mtupu. Je, hiyo ni semantiki? Mimi nasita kuiita lugha, kwa kuwa hapana dalili kwamba tumbili huiunganisha milio hiyo wakapata kauli mpya kila uchao, jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu hulifanya bila kufunzwa. Lakini kusita ni tofauti na kukana. Mwaka 2024 watafiti waliochambua milio 469 ya tembo wa Amboseli na Samburu walidai kwamba tembo huitana kwa milio inayofanana na majina, na kwamba baadhi ya tembo waliitika zaidi walipochezewa mlio uliokusudiwa wao. Tembo hao hao wa Amboseli, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2014, hutofautisha sauti ya mwanamume Mmaasai na ya Mkamba, na huikwepa ile ya kwanza zaidi. Sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai haziwashtui kadiri hiyo. Wanaisimujamii wenzangu watakubali kwamba tembo wameufahamu uhusiano wa lugha, jinsia na umri kuliko baadhi yetu tulio darasani!

Sasa tufike kwenye sarufi. Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alianza kuwachunguza sokwe wa Gombe, Tanzania, mwaka 1960 akiwa hana hata shahada ya kwanza. Alipopelekwa Cambridge kusomea shahada ya uzamifu, alilaumiwa kwa kuwapa sokwe majina badala ya nambari. Zaidi ya hayo, alisimulia kwamba katika makala yake ya awali mhariri alikata viwakilishi vya Kiingereza vya watu na kuweka vile vya vitu, naye akavirudisha. Ugomvi huo usingezuka katika Kiswahili. Kipepeo huruka, kifaru hukimbia, nyoka huuma, na wote upatanisho wao ni wa ngeli ya A-WA, hata umbo la nomino likiwa la KI-VI au la I-ZI. Sarufi yetu huuliza kwanza kama kiumbe ana uhai. Akishakufa ndipo hubadili msimamo, kwa kuwa mzoga huoza na nyama huiva katika ngeli za vitu. Nasi pia tuna njia ya kumshusha mnyama akiwa hai, tunaposema kijibwa kile kinabweka. Sidai kwamba msemaji wa Kiswahili huwahurumia wanyama zaidi kwa sababu ya ngeli, kwani punda wa mikokoteni wangetucheka. Nadai tu kwamba lugha yetu ina nyenzo ambazo wataalamu wa lugha nyingine walilazimika kuzipigania.

Nguzo ya pili, ustawi, ni changa zaidi. Mwaka 1964 Ruth Harrison alichapisha nchini Uingereza kitabu kilichofichua hali ya mifugo wanaofungiwa katika mabanda ya kiviwanda. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell, iliyotoa ripoti mwaka 1965, na kutokana nayo baraza la ustawi wa mifugo lililoundwa mwaka 1979 likaunda orodha iliyoenea duniani kwa jina la uhuru wa aina tano. Mwaka 1986 Donald Broom aliteuliwa Cambridge kuwa profesa wa kwanza wa ustawi wa wanyama ulimwenguni, na mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Edinburgh kikaanzisha shahada ya uzamili katika uwanja huu. Mwanafunzi wake hatakiwi kuhubiri huruma. Hutakiwa kupima: kiasi cha homoni za dhiki katika damu, mwendo wa ng'ombe anayechechemea, uzito wa mlango ambao kuku yuko tayari kuusukuma ili akifikie kiota anapokaribia kutaga.

Huku kwetu, sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza ukatili kwa wanyama. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Tofauti ya majina hayo si ndogo. Ukatili ni tendo la binadamu, nao huthibitishwa kwa kumtazama mtenda, ilhali ustawi ni hali ya mnyama, na unaweza kuporomoka pasipo mtu yeyote kukusudia ubaya. Punda wa Lamu anayebeba mawe ya matumbawe hali ana kidonda mgongoni huenda anapendwa sana na mwenyewe. Ndiyo maana hospitali ya punda iliyofunguliwa huko mwaka 1987 hutibu na kuelimisha.

Elimu hiyo hutolewa kwa Kiswahili, na istilahi zake bado zinayumba. "Tabia" huwaelekeza wasikilizaji kwenye maadili, yaani tabia njema na mbaya, lakini "mwenendo" una dosari ile ile, na kwa maoni yangu tubaki na "tabia" na kuifasili waziwazi. "Haki za wanyama" ni hoja ya kifalsafa, na kuitumia mahali pa "ustawi" ni kosa ambalo magazeti hulirudia. Gumu kuliko yote ni ule uhuru wa aina tano. Nimesoma vijitabu vinavyoandika "uhuru kutoka njaa na kiu", Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Mwenye punda akisikia "uhuru" hufikiria kumfungulia punda kamba. Ningependekeza tuseme kwamba mnyama asikae na njaa wala kiu, asikose makazi yanayomfaa, asiachwe na maumivu, jeraha au maradhi, asizuiwe kufanya yaliyo ya kawaida kwa jinsi yake, na asitiwe hofu wala dhiki. Vitenzi hivyo vitano vya kukanusha mwenye punda atavielewa kabla hajamaliza kufunga shehena.