Goma–Bukavu kwa boti ya usiku: je, kabine inastahili franga zake?

Mbele ya dirisha la tikiti, kwenye bandari ya Goma, swali linakuja mbio: kabine ao kiti? Nyuma watu wanasukumana, wapagazi wanapita na magunia kichwani, na boti imekwisha kuwasha moto. Wengi wanajibu kwa kuangalia franga zilizobaki mkononi. Lakini tofauti ya bei kati ya kiti cha daraja la mwisho na kitanda chenye mlango si ndogo. Kwa mwalimu ao mama anayeuza maharagwe sokoni, ni chakula cha nyumba kwa siku kadhaa.

Kutoka Goma mpaka Bukavu kwa maji ni karibu kilometa 100. Kwa barabara, kupitia Sake, Minova na Kavumu, ni karibu mara mbili, na kila mkaaji wa Kivu anajua hali ya barabara hiyo. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwezi wa kwanza mwaka 2025, njia ya ziwa imekuwa na maana zaidi. Nayo pia ilisimama kwa wiki kadhaa wakati Goma, kisha Bukavu, zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, halafu boti zikaanza tena.

Boti ndogo za mbio zinamaliza safari hiyo kwa karibu masaa matatu, mchana. Huko neno kabine halina kazi. Mtu anakaa, anaangalia Idjwi ikipita, anashuka. Swali ni la boti kubwa, zile zinazotoka jioni na kwenda polepole ili zifike kunapokucha.

Kabine yenyewe si kitu cha kujivunia. Ni chumba chembamba, vitanda vya kupandana, blanketi, balbu moja na mlango. Mlango ndio unaouzwa. Msafiri anayekwenda Bukavu kununua bidhaa, akiwa na dola zimefungwa kiunoni, anaweza kulala bila mkono mmoja kubaki juu ya mkoba. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kunyonyesha na kubadilisha nguo bila macho ya watu. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Panzi analala amenyooka, na jambo hilo peke yake linatosha kwa mtu mwenye mshono ao mgongo mbaya.

Kuna pia baridi. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita karibu 1,460, na upepo wa saa nane za usiku hauulizi kama mtu alilipa. Aliyechukua kiti cha nje bila koti atajuta kabla ya kufika katikati ya njia. Lakini koti zito na kitenge viwili ni bei ndogo kuliko kabine, na vitabaki nyumbani baada ya safari.

Uzuri wa safari hauko ndani ya chumba. Kwenye kabine nyingi dirisha ni dogo, na mtu mwenye kulala hapo hataona taa za wavuvi wa sambaza, mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja, wala wekundu wa Nyiragongo nyuma, usiku ambao mlima unakubali kuonekana. Hayo yanaonekana juu, kwenye sehemu ya wazi, na ni ya bure. Hata matajiri wanagombana na hesabu hiyo. Kwenye meli za anasa za baharini, chumba chenye baraza yake kinauzwa ghali kuliko kingine, lakini SeaDream, kampuni yenye meli mbili ndogo za wageni wasiozidi 112 kila moja, haina baraza hata moja kwenye vyumba vyake: wageni wanakaa nje, pamoja. Na kwenye Kivu hii hii, upande wa Rwanda, Kivu Queen uBuranga yenye vyumba 10 inauza mapumziko juu ya maji. Boti ya Goma–Bukavu inauza kufika, na kabine ipimwe kwa kipimo hicho.

Jambo moja halisemwi kwenye dirisha la tikiti: chumba kiko wapi. Kabine ya chini, karibu na mashine, ina joto, harufu ya mazuti na kelele; mtu analipa usingizi na hapati usingizi. Mbaya zaidi, ina njia moja ya kutoka. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, MV Merdi ilizama mchana, karibu kabisa na bandari ya Kituku, ikitoka Minova na watu wengi kupita kiasi, wakati barabara ilikuwa imekatwa na vita. Makumi ya watu walikufa, na hesabu za maafisa wa Kivu ya Kaskazini na zile za Kivu ya Kusini hazikufanana. Mwaka 2019, baada ya ajali nyingine upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi alikuwa ametangaza kwamba kila msafiri anapaswa kuwa na jile ya kuokoa maisha. Tangazo si jile.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, msafiri aombe kuona chumba. Mlango unafunguka bila kuvutwa kwa nguvu? Ngazi iko hatua ngapi? Jile ziko kitandani ao zimefungwa ndani ya sanduku lenye kufuli? Jina lake limeandikwa kwenye orodha, ao amepewa karatasi tu? Mwenye kuuza tikiti akikasirika kwa maswali hayo, heri kungoja boti ya kesho.

Kijana mwenye afya, mwenye begi moja, abaki na franga zake na achukue kiti karibu na ngazi. Mzee, mgonjwa ao mama mwenye mtoto mchanga, achukue kabine ya juu bila kujilaumu. Wasafiri wawili wanaojuana wanaweza kuigawana, na hapo bei inaanza kufanana na chumba cha hoteli ambacho wangelipa Bukavu kama wangefika usiku. Wakubaliane tu mapema nani atalala kitanda cha juu, kwa sababu mawimbi yakianza kabla ya Idjwi, hapo juu ndipo tumbo linavurugika kwanza.