Dawa isiyotibu tena: Usugu wa bakteria wavuka mpaka pamoja na nguruwe

KIKAGATE, Uganda

Mto Kagera ndio mpaka hapa. Ng'ambo moja ni Kikagate, wilaya ya Isingiro nchini Uganda. Ng'ambo ya pili ni Murongo, wilaya ya Kyerwa nchini Tanzania. Kwa mfanyabiashara, safari ya kutoka nchi moja hadi nyingine ni ya dakika chache tu. Hata hivyo, kuna mzigo mmoja usiopimwa kwenye mzani, usiotozwa ushuru na usioulizwa kibali: bakteria waliozoea dawa.

Bakteria hao husafiri ndani ya matumbo ya mifugo, kwenye matope ya gumboti, ndani ya nyama isiyoiva na mikononi mwa anayechinja. Miongoni mwa mifugo inayowabeba, nguruwe anastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu biashara yake imekua haraka kuliko huduma za daktari wa mifugo.

Sensa ya mifugo ya Uganda ya mwaka 2008 ilihesabu nguruwe zaidi ya milioni 3, ilhali miaka ya 1980 hawakufika hata nusu milioni. Sababu inaeleweka na kila mzazi anayetafuta karo. Nguruwe jike hubeba mimba kwa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, huzaa watoto wengi kwa mkupuo, na hahitaji ekari za malisho. Ukiwa na banda la mbao, pumba na mabaki ya jikoni, umeanza.

Hasara inapoanzia

Chukua mfano wa mnunuzi anayekusanya watoto wa nguruwe kutoka kaya tano tofauti. Wamechishwa maziwa juzi, wamebanwa kwenye gari, wamekunywa maji wasiyoyazoea. Siku ya pili wanaanza kuhara. Mara nyingi anayesababisha ni bakteria aitwaye E. koli, anayependa kushambulia nguruwe wachanga wakati huo huo wa kuachishwa.

Mnunuzi anakimbilia duka la dawa za mifugo. Anauziwa oksitetrasaiklini, au mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini, dawa ambazo karibu kila mfugaji anazijua. Anachoma sindano moja. Wawili wanapata nafuu, watatu wanaendelea kuhara. Anaongeza dawa nyingine, kisha nyingine. Mwisho wa wiki amezika mtaji, na waliobaki anawauza haraka kabla hawajafa.

Hasara ya huyu mmoja haiishii kwake. Kila dozi isiyotosha huua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye nguvu, nao huzaliana upya, wengine kila baada ya nusu saa. Wana pia njia ya kupeana vipande vya urithi vyenye kinga dhidi ya dawa, hata kama si wa aina moja. Bakteria wa nguruwe anaweza kumrithisha bakteria wa binadamu ujuzi wa kuikwepa dawa. Hali hiyo ndiyo wataalamu wa Tanzania huiita UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Onyo hili si jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitahadharisha kwamba dozi ndogo huwafundisha vijidudu kuishi na dawa.

Sindano kwa ugonjwa usiotibika

Kosa kubwa zaidi hufanyika pale homa ya nguruwe ya Afrika inapoingia. Ugonjwa huu, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, husababishwa na virusi, si bakteria. Hauambukizi binadamu, lakini unaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Hauna tiba. Antibiotiki haiugusi kabisa.

Hata hivyo mfugaji anayeona nguruwe wake wanakufa hawezi kukaa mikono mitupu. Hununua antibiotiki na kuchoma. Wengine wamefika mbali zaidi: mwaka 2023 Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda, NDA, iliiambia kamati ya Bunge kwamba dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zikitumiwa kwa nguruwe na kuku. Dawa zilizotengwa kwa ajili ya wagonjwa ziliishia kwenye pondo la chakula cha mifugo.

Nakivale na Mbarara, maji yale yale

Katika wilaya hiyo hiyo ya Isingiro ipo Nakivale, moja ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wanaishi humo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, na Kiswahili ni lugha ya sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na biashara, na familia hupewa kipande cha ardhi. Kwa kaya isiyo ya Kiislamu yenye kiwanja kidogo, nguruwe mmoja au wawili ni akiba inayotembea.

Lakini nyumba zimekaribiana, na banda mara nyingi liko hatua chache kutoka jikoni. Mtoto anayecheza hapo na nguruwe anayehara wanagusa udongo ule ule. Mtoto akiugua, mzazi huweza kununua kidonge dukani bila kipimo, kama alivyomnunulia nguruwe sindano.

Mto Rwizi, unaopita katikati ya jiji la Mbarara, hutiririka kuelekea mfumo wa maziwa ya Mburo na Nakivale, na hatimaye Ziwa Victoria. Kinachooshwa mabandani na machinjioni mjini hakibaki mjini.

Mbarara ina hospitali ya rufaa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na ilikuwa miongoni mwa maeneo ya utafiti wa HATUA uliochunguza usugu wa dawa Kenya, Tanzania na Uganda kupitia wagonjwa wa maambukizi ya njia ya mkojo. Moja ya matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2023, ni kwamba umaskini una mkono mkubwa katika matumizi mabaya ya antibiotiki: mtu asiye na nauli, muda wala ada ya daktari hujitibu mwenyewe. Mfugaji mdogo naye yumo katika hesabu hiyo hiyo.

Duniani kote, vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, kwa mujibu wa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022.

Wengine walifanyaje

Mwaka 2015 wanasayansi nchini China walitangaza kwamba wamegundua, kwa nguruwe, nyama na wagonjwa, kipande cha urithi kinachowapa bakteria kinga dhidi ya kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka kama tegemeo la mwisho. Dawa hiyo ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha nguruwe ili wanenepe. Mwaka 2017 China ilipiga marufuku matumizi hayo, na vipimo vya baadaye vilionyesha usugu umeshuka. Denmark iliacha kuwanenepesha nguruwe kwa antibiotiki kufikia mwisho wa mwaka 1999, na bado ni muuzaji mkubwa wa nyama hiyo duniani.

Afrika Mashariki nayo imeandika mipango: Kenya na Tanzania zilizindua mikakati ya kitaifa dhidi ya usugu mwaka 2017, Uganda mwaka 2018. Mipakani, hata hivyo, kila nchi ina daftari lake la dawa. Dawa iliyosajiliwa na NDA haina maana kuwa imesajiliwa na TMDA ya Tanzania. Anayevusha katoni ya sindano bila kibali anahatarisha mzigo, na mteja wake hana hakika kama dawa ni halisi.

Utepe wa fundi cherehani

Kuna jambo ambalo mfanyabiashara anaweza kulifanya kesho asubuhi. Dozi hutegemea uzito, na sokoni mzani ni nadra. Tumia utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mgongo kuanzia katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye kifua cha mita 1 na urefu wa mita 1.1 ana takriban kilo 76. Aliyemkadiria kwa macho kuwa kilo 50 atampa theluthi mbili tu ya dawa anayohitaji, na kama anauza kwa kilo, amejipunja pia.

Mengine ni ya kawaida. Watenge wageni bandani kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuwachanganya na wenyeji. Osha buti na gari. Chemsha mabaki ya chakula. Wakifa wengi kwa ghafla, usichome sindano wala usiuze nyama. Mwite ofisa mifugo. Ukitumia dawa, maliza dozi, andika tarehe, na usichinje kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kuisha.

Mnunuzi anayekuja Murongo au Mbarara ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kutoa pesa: nguruwe huyu alichomwa nini, na lini? Muuzaji mwenye daftari atakuwa na jibu.