Jengo Lako Lina Bei Tatu, Bima Inataka Moja

Kila mwaka bima ya jengo inapokaribia kwisha, wakala humpigia simu mwenye mali amuulize safari hii aweke kiasi gani. Jibu analolipata mara nyingi ni hili: "Weka kilekile cha mwaka jana." Cha mwaka jana nacho kilitoka mwaka juzi, na ukikifuatilia hadi chanzo chake utakuta ni mkopo wa benki, au bei ya siku jengo liliponunuliwa, au makisio ya mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara akahesabu ghorofa. Ada hulipwa, na mwenye jengo huamini amekata bima. Amekata kweli, ila huenda amekata nusu.

Hesabu anayojipigia, wengi wetu tunaijua: "Bima yangu ni ya bilioni 1.2. Moto ukila sehemu tu ya jengo hasara haitafika huko, basi nitalipwa yote." Kampuni ya bima haihesabu hivyo. Mikataba mingi ya bima ya moto ina kanuni ya wastani, nayo hufanya kazi hata pale hasara inapokuwa ndogo. Chukua jengo la fremu za biashara, ghorofa nne, ambalo kulijenga upya leo ni shilingi bilioni 2, nalo limekatiwa bima ya bilioni 1.2. Hitilafu ya umeme inaunguza ghorofa ya juu, hasara milioni 300. Bima iliyokatwa ni asilimia 60 ya iliyotakiwa, hivyo kampuni italipa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 180, kabla ya kuondoa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unamtaka mteja akibebe mwenyewe. Milioni 120 zilizobaki azitafute anakojua. Hapo wengi hupiga kelele kwamba wamedhulumiwa, na mimi huwa siungani nao. Ada waliyolipa ilikuwa ya asilimia 60 ya jengo.

Kosa huanzia kwenye swali la bei. Jengo moja lina bei tatu, na kila moja ina mwenyewe.

Ya kwanza ni bei ya soko, ambayo ndani yake mna kiwanja. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, kilichoteketea ni jengo na mali za wafanyabiashara. Ardhi haikwenda popote. Katika mitaa ile ambako mtu hulipa kilemba ili tu apate fremu, kiwanja kinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko kilichojengwa juu yake. Ukikata bima kwa bei ya soko unalipia ada ya udongo, na siku ya hasara hutalipwa zaidi ya ulichopoteza. Nenda mji mdogo wa wilayani, mambo yanageuka: nondo na saruji ni zilezile, usafiri umeongezeka, lakini wanunuzi hawapo. Jengo lililogharimu milioni 700 huenda lisiuzwe hata milioni 400, na anayelikatia bima ya hiyo milioni 400 tayari amejitumbukiza kwenye kanuni ya wastani.

Bei ya pili ni ya benki. Benki inataka kujua mali ikipigwa mnada itarudisha mkopo au la, na ikidai bima mara nyingi hujali deni lake tu. Mkopo wa milioni 500 kwenye jengo la bilioni 2 hauwezi kuwa kipimo cha bima yako.

Inayotakiwa ni ya tatu: gharama ya kulijenga jengo lilelile, kwa ukubwa uleule, kwa bei za leo. Hapa hata mwenye ripoti ya mthamini anaweza kukosea. Wathamini wetu hutumia sana njia ya kukadiria ujenzi mpya kisha wakatoa uchakavu. Kwa kuuza ni sawa. Kwa bima ya kujenga upya, uchakavu haupaswi kutolewa, kwa kuwa fundi hakupi punguzo eti jengo lililoungua lilikuwa la miaka 30. Ripoti nyingi zina kipengele kinachotaja thamani ya bima peke yake. Kisome hicho, usichukue tarakimu kubwa iliyo ukurasa wa mbele.

Kwenye gharama hiyo ndimo yanamojificha mambo ambayo hayaonekani ukihesabu ghorofa. Kubomoa mabaki na kuyasomba ni kazi ghali katika mtaa mwembamba ambao lori haliingii mchana. Wapo mbunifu majengo, mhandisi na mkadiriaji majenzi, na wote wanalipwa. Vipo vibali, na VAT kwa asiyeweza kuirudisha. Lifti, jenereta, pampu na mfumo wa kuzima moto husahaulika mara kwa mara. Vigae na milango ya vioo aliyoweka mpangaji nayo huzua ugomvi, kila upande ukidhani mwenzake ndiye aliyeikatia bima. Mkataba wa pango useme wazi.

Halafu kuna muda. Moto unaweza kuzuka siku ya mwisho ya bima, kisha vibali na ujenzi vikachukua mwaka mmoja na nusu. Kiasi ulichoweka leo kinatakiwa kilipe mafundi wa miaka miwili na nusu ijayo. Lifti na alumini nyingi tunanunua nje, na mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takribani shilingi 2,300 za Tanzania; Oktoba 2024 ilikuwa imevuka 2,700, kabla ya kushuka tena. Aliyekuwa anajenga katikati ya kipindi hicho hakusubiri ishuke.

Mji Mkongwe wa Zanzibar ni habari nyingine kabisa. Eneo hilo liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mwenye hoteli pale hana ruhusa ya kuinua zege na matofali apendavyo. Kuna chokaa, mawe, boriti na milango ya kuchonga, na mafundi wanaoijua kazi hiyo si wengi. Bei ya mita ya mraba iliyokopiwa kutoka jengo la kisasa la Dar es Salaam haina maana huko.

Dawa ya kukata bima pungufu haina siri. Tafuta mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, au mkadiriaji majenzi, umwambie tangu mwanzo kwamba kazi ni ya bima, na apime jengo kwa futi badala ya kulitazama. Rudia kila baada ya miaka mitatu hivi, katikati ukipandisha kiasi kufuata bei za ujenzi. Ukiongeza ghorofa, usingoje mwaka wa bima uishe.

Na kabla hujalipa ada ya mwaka huu, mwandikie wakala wako maswali mawili, naye ajibu kwa maandishi. Bima hii italipa gharama ya kujenga upya, au itakata uchakavu? Na je, ina sharti la asilimia 85, ambalo kampuni nyingine hulikubali, kwamba kanuni ya wastani haitatumika iwapo kiasi cha bima hakikupungua asilimia hiyo ya gharama ya kujenga? Akishindwa kujibu, tafuta wakala mwingine.